Hisia na Kumbukumbu: Niliyojifunza Baada ya Kuondoka Bwenini

(Hotuba iliyotolewa bwaloni na mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, muuguzi mstaafu wa wagonjwa wa akili, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapwa kwa ombi la wajumbe.)



Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya kazi yangu kwa muda wa nusu saa, akaongeza kwamba nisiwachoshe watu kabla ya pilau. Nitajitahidi. Lakini kazi yangu ilikuwa kuwauguza wagonjwa wa akili, na najua kuwa mtu akitaja kazi hiyo watu hucheka kwanza. Sisi wenyewe hapa shuleni, mwenzetu akifanya jambo la ajabu, tulimwambia apelekwe Mirembe. Nami nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo kwa sauti kubwa. Kwa hiyo sikuja kuwahutubia kama mtu msafi.

Nataka kuzungumza juu ya jambo moja tu: jinsi hisia zinavyoigeuza kumbukumbu, hasa kwa watu wenye ugonjwa uitwao ugonjwa wa haiba ya mpakani. Nitaanza na kisa kilichotokea hatua mia mbili kutoka hapa tulipo.

Mwaka 1979 nilikuwa Kidato cha Tatu. Nililala kitanda cha juu cha dabodeka, na chini yangu alilala kijana ambaye sitamtaja jina. Wale wa wakati wetu mtamkumbuka, nanyi nawaomba msimtaje. Alikuwa na akili nyingi darasani. Alikuwa pia rafiki wa namna ambayo sikuwahi kuiona. Wiki hii angekwambia kuwa wewe ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Wiki ijayo, kwa sababu umekaa meza nyingine bwaloni, angekutazama kama adui. Akikasirika, hakukasirika kama sisi. Alikasirika kama nyumba inayoungua. Baadaye angelia na kuomba radhi mpaka uone aibu wewe.

Jumamosi moja usiku aliingia bwenini, akasimama mbele ya kitanda changu, akasema mbele ya watu wote: “Wewe hujapata kunijali hata siku moja.” Mimi nilipigwa na butwaa. Nikaanza kumhesabia. Nani aliyekugawia sukari, na sukari mwaka huu haipatikani? Nani aliyekuazima shati ulipoitwa ofisini? Nani aliyekufundisha hesabu mpaka taa zikazimwa? Kila nililolitaja alitikisa kichwa. “Sikumbuki,” alisema. “Hayo hayakuwapo.” Ndipo nikamwita mwongo na mtu asiye na shukrani. Bweni zima likacheka. Tangu usiku ule jina lake likawa “Sikumbuki”, na hata vijana wa Kidato cha Kwanza walimwita hivyo.

Kabla muhula haujaisha tuliamka asubuhi moja tukakuta kitanda cha chini kitupu na godoro limekunjwa. Hakurudi, wala hakufanya mtihani wa Kidato cha Nne pamoja nasi.

Hivyo ndivyo nilivyokisimulia kisa hiki kwa miaka zaidi ya thelathini. Kiwekeni akilini, maana nitakirudia.

Sasa niueleze ugonjwa wenyewe. Jina lake lilianza mwaka 1938, pale daktari mmoja wa New York, Adolph Stern, alipoandika juu ya wagonjwa ambao hakujua awaweke kundi gani. Wakati huo madaktari waliyagawa maradhi ya nafsi mafungu mawili: yale ambayo mtu anateseka lakini anajua yaliyo kweli, na yale ambayo mtu amepotewa na hali halisi. Wagonjwa hawa walionekana kusimama mpakani. Leo hatufikiri tena hivyo, lakini jina limebaki. Mwaka 1980, mwaka mmoja tu baada ya usiku ule wa bwenini, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huu rasmi katika chapa ya tatu ya kitabu chake cha kuyatambua maradhi.

Kitabu hicho sasa kinataja dalili tisa, na daktari anatakiwa kuziona walau tano. Miongoni mwake ni hofu kubwa ya kuachwa, urafiki unaopanda hadi mbinguni na kushuka hadi chini kwa siku moja, kutojua wewe ni nani hasa, kutenda mambo ya hatari bila kufikiri, kujidhuru au kutishia kujiua, hisia zinazobadilika upesi, utupu moyoni usiokwisha, hasira isiyozuilika, na, wakati wa dhiki, kuwashuku watu au kujiona uko mbali na nafsi yako, kama unajitazama kutoka darini.

Vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Kijana wa miaka kumi na sita ambaye leo ana furaha na kesho ana huzuni si mgonjwa. Ni kijana wa miaka kumi na sita. Ugonjwa huu hutambuliwa na mtaalamu aliyemwona mtu kwa muda na kuona kuwa hali hiyo ni ya siku zote, mahali pote, na inamharibia maisha. Atakayetoka hapa akaanza kugawa majina ya magonjwa bwenini hatakuwa amenielewa. Mimi mwenyewe simpi jina mwenzangu wa kitanda cha chini. Hakuna daktari aliyempima, nami wakati ule nilikuwa mtoto. Nasema tu kwamba nilipokutana na wagonjwa hawa kazini, nilimkumbuka yeye.

Chanzo chake si kimoja. Sehemu ni maumbile ambayo mtu huzaliwa nayo, sehemu ni maisha. Wengi, ingawa si wote, walitendewa vibaya au walitelekezwa utotoni. Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu huyu aliachwa, au aliona ameachwa, kabla hajawa na maneno ya kulielezea jambo hilo. Tangu hapo kila mlango unaofungwa, hata na upepo, kwake ni mtu anayeondoka.

Tuje kwenye kumbukumbu. Wengi wetu tunadhani kumbukumbu ni kama picha iliyowekwa sandukuni: ukitaka, unaitoa, nayo ni ile ile. Sivyo. Mwaka 1932 mwalimu mmoja wa Cambridge, Frederic Bartlett, alionyesha kuwa mtu anapokumbuka hisimulizi hairudishi kama ilivyo. Huijenga upya kwa vipande alivyo navyo, na penye pengo huweka kile kinachoelekea kufaa. Tunajenga kila mara tunapokumbuka, na fundi anayesimamia ujenzi huo mara nyingi ni hisia tuliyo nayo saa ile.

Ndani ya ubongo ziko sehemu mbili zinazofanya kazi hii bega kwa bega. Moja inaitwa hipokampasi, jina lililotokana na farasi wa baharini kwa sababu ya umbo lake. Hiyo hupanga mambo: lilitokea wapi, lini, baada ya nini. Ya pili ni amigdala, ndogo kama punje ya lozi, ambayo hupiga kengele ya hatari. Jambo la kutisha likitokea, kengele hulia, mwili hutoa adrenalini, na jambo lile hupigwa muhuri mzito. Mtaalamu James McGaugh wa California alitumia miaka mingi kulionyesha hilo. Ndiyo maana hamkumbuki mlikula nini Jumanne ya wiki ile, lakini mnaikumbuka siku mliyochapwa mbele ya paredi. Lakini hofu ikizidi mno, mpangaji naye huchanganyikiwa. Mtu hubaki na kipande kinachochoma kama kaa la moto, bila kujua kilianzaje wala kiliishaje.

Na huko ni kuhifadhi tu. Kutoa nako kuna mambo yake. Mwaka 1981 Gordon Bower wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha majaribio ambayo watu walitiwa kwanza katika hali ya furaha au ya huzuni, kisha wakatakiwa wayakumbuke mambo ya utotoni. Wenye furaha walileta zaidi mambo mazuri. Wenye huzuni, mabaya. Utoto ulikuwa ule ule.

Mnakumbuka stoo yetu ya chakula na yule mzee aliyeshika funguo? Ndani mlikuwa na mchele, maharage, unga, na siku nyingine hata nyama ya makopo. Lakini ulipata kile alichotaka kukupa siku hiyo. Akiwa na hasira, ulitoka na maharage yenye wadudu, ukaapa kuwa stoo haina kitu kingine. Hisia ndiyo mshika funguo wa kumbukumbu. Mwenye huzuni hupewa magunia ya huzuni, na mwenye hasira hupewa ya hasira.

Sote tuko hivyo. Ukipenda, chongo utaita kengeza. Ukichukia, hata kengeza utaliita chongo. Tofauti ya mtu mwenye ugonjwa huu ni ukubwa wa hisia na muda wake. Hisia yake huja upesi, hupanda juu sana, na hukawia kushuka. Basi mshika funguo wake hafungi mlango mmoja nusu nusu kama wetu. Anaufunga kabisa.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka 2000, huko Marekani, Lauren Korfine na Jill Hooley waliwaonyesha watu maneno, mengine ya kupendeza, mengine ya kawaida, mengine yenye kugusa machungu ya ugonjwa huu, kama vile kuachwa. Kila mtu aliambiwa maneno yapi ayashike na yapi ayasahau. Wenye ugonjwa waliyasahau mengine waliyoambiwa wayasahau, lakini yale ya machungu yaliwaganda kuliko yalivyowaganda wenzao. Hawakuyachagua. Waliambiwa wayatupe, nao hawakuweza.

Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi nyingine. Watu waliandika hisia zao papo hapo, katika shughuli zao za kila siku. Baadaye wakaulizwa kwa ujumla walijisikiaje. Watu wenye afya walielekea kuukumbuka muda ule kuwa mzuri kuliko walivyouandika wenyewe. Wenye ugonjwa waliukumbuka kuwa mbaya kuliko walivyouandika. Tazameni: sisi tunaojiita wazima nasi tulikosea. Kosa letu lilikuwa la kujipaka mafuta, lao la kujipaka majivu.

Kuhusu ubongo wenyewe, mwaka 2000 kundi jingine la Ujerumani liliwapima wanawake 21 wenye ugonjwa na wengine 21 wasio nao. Kwa wagonjwa, hipokampasi ilikuwa ndogo kwa karibu asilimia 16, na amigdala kwa asilimia 8. Hao ni watu wachache, na kipimo hicho peke yake hakisemi kipi kilianza, ugonjwa au udogo huo. Hata hivyo kinatuonya tusiseme, kama tulivyozoea, kuwa “ni tabia mbaya tu”.

Liko pia lile jambo la kujitenga na nafsi. Dhiki ikizidi, mgonjwa huweza kuwapo kwa mwili tu. Anazungumza, anajibu, pengine anatukana, lakini yaliyotokea saa ile hayakupata kupangwa ghalani. Kesho ukimwuliza anasema hakumbuki, nawe unadhani anakukimbia. Hakukimbii. Ghalani hakuna kilichoingia.

Sasa unganisheni mambo haya mwone inakuwaje. Rafiki anachelewa nusu saa. Hofu ya kuachwa inalia kama kengele ya moto. Hasira inachukua funguo, nayo inafungua magunia ya aina moja tu: kila mtu aliyewahi kumwacha, kila mlango uliowahi kufungwa. Mema ya rafiki huyo yapo, hayakupotea, lakini yako nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo mtu huyu hasemi uongo anapokwambia hujapata kumjali. Anakupa hesabu ya ghala lote kama anavyoliona kwa saa ile. Siku mbili baadaye hasira imekwisha, milango imefunguka, anayaona mema yako yote kwa pamoja, naye anashikwa na aibu ya kufa mtu. Aibu hiyo nayo ni hisia, nayo ina magunia yake. Hapo ndipo wengine hutaka kujidhuru. Sisi tunaotazama nje tunasema ni kigeugeu. Yeye, ndani, kila mara alikuwa mkweli.

Ndugu Mwenyekiti, laiti ningeishia hapa ningeonekana mtu mwenye elimu, na nyote mngedhani kuwa katika kisa changu kumbukumbu iliyopotoka ilikuwa ya mwenzangu. Nami nilidhani hivyo. Nilikitumia kisa hicho hata kuwafundisha wauguzi vijana.

Miaka kadhaa iliyopita kaka yangu mkubwa alifariki. Alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Katika sanduku lake nilikuta barua zangu zote nilizomwandikia Dar es Salaam nikiwa hapa shuleni. Moja ilikuwa ya Jumapili, siku iliyofuata ugomvi ule. Nilikuwa nikijisifu kwamba nimefunga goli katika mechi ya ugenini. Kisha, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika kwamba mwenzangu wa kitanda cha chini amepata telegramu kuwa mama yake ni mgonjwa sana; kwamba mjomba wake angepita Jumamosi kituo cha basi na habari; kwamba aliogopa kwenda kuisikia peke yake, nami nilimwahidi kwenda naye; lakini timu ilikuwa na upungufu wa mchezaji, nikapanda lori la timu. Niliandika: “Amekasirika bure.”

Nilikaa chini na barua ile mkononi. Ahadi ile nilikuwa nimeisahau kabisa. Simaanishi kwamba nilikuwa nikiificha. Haikuwamo. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikumbuka sukari, shati na hesabu, kila gunia lililonipendeza, na lile moja lililoniaibisha sikupata kuliona. Alingoja peke yake kituoni kutwa, mjomba hakuja, akarudi usiku akanikuta nikisherehekea goli. Alikosea aliposema sijapata kumjali hata siku moja. Lakini juu ya siku ile yeye ndiye aliyekumbuka sawa, na mimi ndiye niliyesahau. Na bweni lilimcheka yeye.

Kama mnadhani mimi ni mtu wa pekee, sikieni hili. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Marekani cha kwenda anga za juu, Challenger, kililipuka mbele ya macho ya dunia. Kesho yake asubuhi mtaalamu Ulric Neisser aliwataka wanafunzi wake wa chuo kikuu huko Atlanta waandike walikuwa wapi na waliisikiaje habari ile. Baada ya zaidi ya miaka miwili wanafunzi 44 kati yao waliulizwa tena. Ni 3 tu waliojibu sawasawa yote makuu. 11 walikosea kila kitu. Na wengi wa waliokosea walikuwa na hakika. Baadhi yao, hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, walishikilia kuwa wanavyokumbuka sasa ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo, ndugu zangu, uhakika wa moyo si ushahidi.

Nimeisema habari hii kwa sababu liko kosa ambalo hata sisi wa kazi hii hulifanya. Mtu akishapewa jina la ugonjwa, kila anachokisema hupimwa kwa jina hilo. Akisema amepigwa, tunasema ni hisia zake. Akisema ameahidiwa, tunasema kumbukumbu zake zimepotoka. Hapana budi tujizuie. Hisia kubwa huchagua kumbukumbu. Hilo halina maana kwamba huzibuni. Mara nyingi kile kipande kinachochoma ni cha kweli. Kilichokosekana ni vipande vingine vya kukizunguka.

Basi tufanye nini? Nitataja machache niliyoyaona yakifaa.

La kwanza: moto ukiwaka, usigombanie mambo ya zamani. Mimi nilihesabu sukari na shati wakati mwenzangu anaungua. Funguo ziko mikononi mwa hasira, na hoja zako hazifiki ghalani. Shughulikia kwanza hisia: “Naona umeumia. Niambie.” Maneno hayo hayana maana kwamba umekubali kila alichosema. Umekubali tu kwamba anaumia, na hilo ni kweli tupu. Hisia ikishuka, milango hufunguka, na hapo mnaweza kuzungumza.

La pili: andikeni kukiwa shwari. Nilikuwa na wagonjwa waliokuwa na daftari dogo ambalo waliandika, siku ya amani, nani aliwatendea wema gani, na tarehe. Siku ya dhoruba walilifungua. Mwandiko wao wenyewe uliwafikia pale ambapo sauti yangu haikufika. Na kama barua yangu inavyoonyesha, daftari linafaa pia kwa wale wanaojiona wazima.

La tatu: usiahidi usichoweza. Kwa mtu huyu, ahadi ndogo iliyotimizwa ni bora kuliko kubwa iliyovunjwa. Na ukiivunja, sema mwenyewe, mapema, kabla hajaigundua.

La nne: mtu akisema anataka kufa au kujidhuru, msicheke, wala msifanye siri. Viranja, hili ni kwenu hasa. Kaeni naye, mmoja akamwite mwalimu au matroni usiku huo huo, na apelekwe hospitali. Kusema kwamba “anatafuta kuonekana tu” ni kubahatisha kwa roho ya mtu.

La tano: pana matumaini, na si ya maneno tu. Dawa maalumu ya ugonjwa huu haijapatikana, ingawa dawa huweza kusaidia maradhi yanayoambatana nao. Tiba yake hasa ni ya mazungumzo na mazoezi. Inayojulikana zaidi ilitungwa na Marsha Linehan wa Seattle, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1991. Humfundisha mtu kuijua hisia inapoanza, kuivumilia bila kujidhuru, na kushika kweli mbili kwa pamoja: “Ameniudhi leo” na “Ananipenda.” Mwaka 2011 mama huyo, akiwa bingwa anayejulikana duniani, alirudi katika hospitali ya Hartford alikolazwa mwaka 1961 akiwa msichana wa miaka 17, akawaambia watu hadharani kuwa naye alikuwa mmoja wa wagonjwa hawa. Na katika hospitali ya McLean, karibu na Boston, wagonjwa 290 walifuatwa kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1992. Katika miaka kumi, 93 katika kila mia walipata walau miaka miwili mfululizo ambayo dalili zao hazikutosha tena kuuitwa ugonjwa huo. Nusu yao walisimama vizuri pia katika kazi na urafiki. Hayo si mambo ya watu waliopotea.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha kuinusa pilau, nami nafunga.

Asubuhi hii, kabla ya mkutano, niliomba ruhusa nikaingia bwenini. Vitanda vimebadilishwa na rangi ya kuta ni mpya, lakini dirisha ni lile lile. Vijana waliokuwa wakitandika walinikaribisha vizuri, wakaniuliza nilikuwa nalala wapi. Nikawaonyesha. Kisha nikawaonyesha na mahali pa chini yangu.

Mwenyekiti ameniambia hotuba hii itachapwa katika jarida letu, na jarida letu huwafikia wengi, hata wasiohudhuria. Basi nataka niseme neno moja kwa mtu mmoja, kwa sauti, katika shule ile ile nilikomwita mwongo. Ndugu yangu, niliahidi, na sikwenda. Ulikumbuka sawa. Na sukari nayo ilikuwapo, na shati, na hesabu za usiku. Siku ukiwa na amani huenda ukayaona. Sikujua habari za mama yako ziliishaje, kwa sababu sikukuuliza. Ningependa kukuuliza sasa. Mhariri ana anwani yangu.